Ufunguo Usiosomeka kwa Kidole

Nyamizi wangu,

Barua hii utasomewa na ile sauti ya bati, na jina lako italitamka vibaya kama kawaida yake. Ivumilie. Nimeandika kwa kompyuta aliyoileta mume wangu kutoka karakana, herufi moja moja, na amenionyesha kwamba nikiweka nukta na mikato vizuri, sauti itapumua mahali ambapo mimi mwenyewe ningepumua. Kwa hiyo ukisikia imenyamaza kidogo, ujue hapo ni mama yako amenyamaza.

Wewe sasa uko kwa Mama Zuhura unasukwa. Nawasikia mnavyocheka hadi huku. Kesho treni inakuchukua kwenda Dodoma kusomea sheria, na mimi sitakuambia habari ya kula, wala ya kufunga mkoba, wala ya watu wanaojifanya kukusaidia kuvuka barabara. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo yote, pamoja na mengine ambayo hata yeye hayafuati. Mimi nataka tuzungumze habari ya lile boksi lililo juu ya meza.

Boksi lenyewe umelishika. Lililetwa juzi na msichana wa dukani kwa Wakala, yule aliyetuuzia programu yako ya kwanza. Ndani mna toleo jipya la ile ile programu ya kusoma skrini kwa sauti, pamoja na karatasi yenye ufunguo wa kuifungulia. Ni zawadi yako. Anachoomba Wakala ni kuja stesheni kesho na mpiga picha wake, akukabidhi mbele ya behewa, halafu picha itundikwe dukani kwake Isevya: binti wa Tabora asiyeona, anakwenda chuo kikuu, na juu yake jina la duka. Boksi amelitanguliza ili tulione kwanza. Kesho sisi tulibebe mpaka stesheni, tumpe, kisha yeye akupe tena mbele ya kamera. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Wewe hukucheka. Uliniambia, "Mama, tuchukue tu. Msamehe yule mzee. Nataka niondoke na moyo mwepesi."

Nilijifanya nachochea moto. Jibu langu ndilo hili.

Mwanangu, niliolewa miezi miwili iliyopita, na watu wanadhani mwanamke aliyeolewa kwa furaha anapaswa kuwa laini kama uji. Mimi nina furaha, Mungu anajua. Asubuhi nikimsikia Maganga anapiga mluzi akinyoa ndevu, natamani asubuhi isiishe. Akinipa kikombe cha chai anakigeuza kwanza ili mkono wa kikombe uelekee kwangu, na mimi kwa jambo dogo kama hilo naweza kulia. Lakini furaha hiyo haijanisahaulisha kitu. Labda imenipa nguvu ya kukumbuka vizuri zaidi.

Unakumbuka ng'ombe wa bibi yako kule Choma, yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama? Bibi alimtoa mwenyewe zizini. Baba yako alikuwa amekwisha kufariki, na mimi sikuwa na la kuuza ila karanga. Bibi alinishika bega akaniita mayu, yaani mama, kama anavyoniita siku zote, akasema, "Mayu, huyu ng'ombe hachinjwi. Huyu anakwenda kuwa macho ya mjukuu wangu." Tukaenda Isevya na fedha ya ng'ombe imefungwa kwenye pindo la kanga. Wakala akatupa kisahani cha programu na karatasi, akatupa na mkono wa kwaheri.

Siku ile kompyuta ilipoanza kukusomea nilikuwa mlangoni, sikutaka kuingia. Ilikusomea ukurasa mzima wa historia. Ukauliza, "Mama, ni nani amesoma?" Nikasema ni ng'ombe. Ulicheka sana, na toka hapo sauti ile tukaiita Ng'ombe.

Kile ambacho Wakala alikijua na hakutuambia ni kwamba programu ile ilikuwa na kufuli. Wenye kuitengeneza, huko ng'ambo, waliogopa isinakiliwe. Kwa hiyo kila ukiiweka kwenye kompyuta ilikata ruhusa moja, na ruhusa zilikuwa chache. Ukitaka kuhama kompyuta, lazima kwanza uirudishe ile ruhusa kwa wenyewe kwa njia ya mtandao, kabla hujafuta chochote. Usipoirudisha, imekwenda na haidaiki. Ruhusa yetu ya kwanza iliungua pamoja na ile kompyuta ya mtumba, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Ya mwisho ilipotea ulipokuwa kidato cha tano. Kompyuta ilijaa virusi, nami nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na stesheni, akaipiga window. Alifuta kila kitu na kuanza upya, kama mafundi wote wanavyofanya, maana kompyuta ya mtu anayeona ndivyo inavyopona.

Yako haikupona. Tuliiweka programu upya, lakini bila ruhusa Ng'ombe akawa anasema muda mfupi kisha anakata, hata akiwa katikati ya neno, na hasemi tena mpaka uzime uwashe upya. Ulijifunza kuandika haraka kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Insha zako za mwaka ule zote zina sentensi fupi, na mwalimu wako alizisifu kwa ufupi wake. Nilitaka kumwambia ukweli nikashindwa.

Na ili kuifungua upya, programu ilileta herufi kwenye skrini, zimepindwapindwa kama minyoo, zimechorwa ndani ya picha, eti mtu azisome na kuziandika. Ng'ombe alifika pale akasema "picha", akanyamaza. Nilizisoma mimi nikaziandika, ikajibu kwamba ruhusa zimekwisha, twende kwa aliyetuuzia. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona ilikuwa inakusomea ulimwengu wote, isipokuwa mlango wake yenyewe.

Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za wazee wake waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, kwa njia hiyo hiyo ambayo reli imeipitia. Alisema uchungu haukuwa mzigo. Uchungu ulikuwa kufika kwenye kila himaya na kukuta mwenye nchi ameketi njiani, anataka vitambaa kabla ya kukupisha. Ukilipa unapita, kesho unamkuta mwingine. Nilikuwa nikimsikiliza kama mtoto anayesikiliza mambo yaliyokwisha. Siku nilipoyaona yale maandishi ya minyoo, nikajua kwamba mwenye nchi bado ameketi njiani.

Tukaenda dukani kwa Wakala. Wewe ulikuwa na sare ya shule na fimbo yako nyeupe, mimi nilikuwa na ile karatasi aliyotupa tuliponunua. Duka lilikuwa limejaa watu wa kutoa fotokopi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Leo mmeleta nini?"

Nikamweleza. Hakuigusa karatasi.

"Mmeiweka kwenye kompyuta ngapi?"

"Hiyo hiyo moja, kaka yangu. Ya kwanza iliungua."

"Kila anayekuja hapa ana hiyo hiyo moja. Mama, mnanakili, mnagawana huko mashuleni, kikiharibika mnakuja kulia kwangu. Ndiyo maana wenyewe wameweka kufuli. Wezi wamezidi."

"Huyu haoni. Amwibie nani?"

"Wanaoitumia ni wasioona, kwa hiyo wanaoiiba ni wasioona. Au ulitaka niseme inaibwa na viziwi?"

Watu walicheka, Nyamizi. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alicheka mpaka mtoto akaamka. Wewe ulikuwa umeweka vidole ukingoni mwa kaunta, ukasema kwa sauti yako ya darasani, "Mzee, ule msimbo uko ndani ya picha. Programu haiusomi. Mimi nitausomaje?"

"Mwambie mama yako akusomee. Yeye si ana macho?"

Unajua mimi nilisema nini? Nilisema, "Haya, asante." Nilikukamata mkono, nikamwinamia kidogo, nikatoka. Mtu amemwita mwanangu mwizi mbele ya watu na mimi nimemshukuru. Nilifundishwa hivyo nyumbani na kanisani, kwamba mwanamke mwenye adabu huondoka dukani kwa shukrani hata kama ameondoka mikono mitupu. Nakuambia hili kwa sababu unakwenda mahali ambapo utatukanwa na watu waliovaa vizuri, na adabu yangu umeirithi. Nyingine ichukue. Ile asante iache hapa nyumbani.

Hasira niliyoimeza dukani ilibidi iende mahali. Kesho yake nilichukua mwavuli nikaenda kwa yule fundi wa stesheni aliyepiga window. Nilikuwa nimepanga kumpiga, kwa kweli. Nilimkuta ameinama juu ya redio ya mtu, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Wewe ndiye Maganga?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umemfanya mwanangu bubu."

Nikamwaga yote. Mwavuli ulikuwa juu hewani muda wote. Hakujitetea. Aliondoa redio kwenye kiti, akakifuta kile kiti kwa mkono wa shati lake, akasema, "Kaa kwanza. Kufuta nilifuta mimi, sikatai. Kufuli si yangu, lakini nikiwa nimekufungia nje, siwezi kwenda kula mchana." Na kweli hakwenda. Tulikaa pale mpaka chakula cha watu wote kikaisha.

Kuna mtu sokoni alikuwa na nakala iliyovunjwa kufuli. Mimi nilikuwa tayari kuichukua, na Maganga alikuwa tayari kuiweka. Wewe ndiye uliyekataa. Ulisema, "Ameniita mwizi, Mama. Nikiichukua nitakuwa nimempa ushahidi." Nadhani siku ile ndipo ulipoanza kusomea sheria, wengine tumechelewa tu kujua.

Kwa hiyo Maganga akaendelea kutafuta, mpaka akapata programu nyingine, iliyoanzishwa na watu wasioona wenyewe, wanaoitoa bure kwa yeyote, haina kufuli wala haihesabu kompyuta. Sauti yake ndiyo hii ya bati inayokusomea sasa, haina utamu wa Ng'ombe. Lakini haijawahi kukukatia neno.

Tatizo likawa moja, hakuna aliyejua kuitumia. Hapo ndipo nilipopotea, mwanangu. Nilikwenda karakana na kiporo cha viazi, nikamkuta amejifunga macho kwa kanga yangu ya zambarau niliyoisahau kwenye kiti. Mikono iko kwenye kibodi, skrini ameigeuzia ukutani. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Siwezi kumfundisha mtu njia ambayo mimi nimeipita macho wazi." Alikaa hivyo kwa siku nyingi. Alijigonga kwenye meza, alijichoma kidole kwa chuma cha kulehemu, wateja walimdhania amerogwa. Kanga hakuivua mpaka alipoweza kuandika, kuhifadhi na kutuma barua pepe bila kuona hata herufi moja. Barua ya kwanza aliituma kwangu. Ilikuwa na makosa kila mstari, na ilisema anaomba nisiichukue tena ile kanga. Niliisoma kwenye simu nimesimama kwenye foleni ya maji, na ndoo yangu ikapitwa na ndoo za watu wote.

Ukipata mpenzi huko Dodoma, sitakuuliza kabila lake wala kazi yake. Nitakuuliza kama aliwahi kufunga macho kwa ajili yako.

Sasa habari ya harusi, ambayo unaijua kwa masikio yako, lakini upande wangu sijakuambia.

Kamati iliponiuliza nani wa kukaa meza ya mbele, nilimtaja Wakala. Shangazi yako aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia nimekuwa Mkristo mwema. Wakala alikuja na suti, na mkewe amevaa kitenge kipya, wakakalishwa karibu na keki kabisa, mahali ambapo ukumbi mzima unawaona. Aliletewa soda ya kwanza na nyama ya kwanza. Nilipopita alininong'oneza, "Nimefurahi umesahau yale." Nikamwambia ale, bado kuna mengi.

Wakati wa maharusi kuwalisha wageni keki, MC akatangaza kama nilivyompanga: bibi harusi hatagawa keki peke yake. Ndipo wakaanza kuingia kwa muziki, wanafunzi wenzako, wale walimu wawili kutoka Kipalapala, yule mzee anayesuka vikapu na mjukuu wake, wote wasioona, wameshikana mabega, wanacheza polepole. Kila mmoja nilimlisha kipande cha keki, na Maganga akamwekea mkononi flashi yenye ile programu ya bure. Na kila mara MC alisema kwa sauti, "Hii haina kufuli. Nakili, mpe mwenzako, hakuna atakayekuita mwizi." Ukumbi ulikuwa unapiga vigelegele. Watu waliokuwa dukani siku ile walikuwamo, Tabora si kubwa. Yule mama aliyecheka, mwenye mtoto, alikuwamo. Walianza kugeuka mmoja mmoja, wakamtazama Wakala, na yeye hakuwa na pa kwenda, kwa sababu nilimweka katikati ya keki na bwana harusi. Alitafuna kipande kimoja cha nyama muda wote ule.

Nilikuwa nimevaa shela, nampenda mume wangu kiasi cha kutetemeka, na wakati huo huo namwangalia adui yangu akitafuna. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuwa na siku tamu kama hiyo.

Baadaye uliniambia kwamba Wakala naye amefungwa na wenye programu, kwamba yeye hakuitengeneza ile kufuli. Najua. Hao wa ng'ambo sitawaona maishani, na labda nao wana watoto na karo. Lakini mdomo uliosema mwizi ulikuwa wa Isevya, na ulikuwa na nafasi ya kusema, "Pole, binti, hebu nikupigie simu kwa wenyewe." Maneno hayo yangemgharimu nini?

Na bado hajasema pole. Ndilo linaloniwasha. Ameleta boksi, ameleta mpiga picha, pole hajaileta. Nimelifungua boksi lenyewe, nisamehe, nikaitoa ile karatasi ya ufunguo. Nilifumba macho nikapitisha kidole, mbele na nyuma. Laini kama ganda la yai. Hakuna nukta nundu hata moja. Ufunguo wote umechapwa kwa wino, mrefu kama namba ya injini ya gari. Miaka yote hii imepita, na bado wanakupa mlango wenye kitasa kilichochorwa.

Unataka moyo mwepesi. Mimi nataka uondoke na moyo wowote utakaokufikisha. Kwa hiyo tumekaa mimi na Maganga, tukakubaliana jambo ambalo litakutosha wewe na mimi pia, na leo asubuhi nimempelekea Wakala ujumbe. Nimemwambia aje, tunampokea kwa mikono miwili. Aje na mpiga picha wake, na akipenda alete wawili. Boksi utalipokea, utatabasamu, picha atapiga.

Ila kabla ya picha, kompyuta yako itakuwa juu ya begi, pale pale kwenye benchi la stesheni, abiria wote wakiwapo. Aifungue zawadi yake mwenyewe na aiweke kwenye kompyuta mpaka iseme. Aisome ile karatasi na auandike ule ufunguo, yeye peke yake, bila mtu kumsomea, amefunga macho kama mume wangu alivyofunga. Akiweza, nitamwita ndugu yangu mbele ya treni nzima, nitamsamehe yote, na picha hiyo nitaitundika na mimi nyumbani. Akishindwa, anajua neno moja la kukuambia, na anaweza kulisema akiwa bado amefunga macho, ili asione ni watu wangapi wanamsikiliza.

Amejibu kwamba atakuja. Nadhani anadhani ni mchezo wa sherehe.

Usinizuie, Nyamizi. Ukimaliza kusikiliza hapa njoo unisaidie kukaanga karanga zako za njiani. Ile kanga ya zambarau nimeifua, nimeipiga pasi, iko juu kabisa kwenye begi lako. Nimeikunja mara nne ili isipitishe mwanga.

Mama yako